Chumvi ya Mama, Ubongo wa Mtoto
Mama mjamzito unayetusikiliza, na wewe baba uliye karibu naye, hebu gusa shingo yako kwa mbele, chini kidogo ya kikoromeo. Hapo pana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, thairoidi. Homoni yake husaidia kujenga ubongo wa mtoto tumboni. Na miezi mitatu ya kwanza mtoto hutegemea homoni ya mama, maana tezi yake mwenyewe bado changa. Mara nyingi mama hata hajajua kama ana mimba!

Tezi hiyo haitengenezi homoni bila madini joto. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate maikrogramu 250 kwa siku. Ni kiasi kidogo mno, lakini upungufu mkubwa huweza kuudumaza ubongo wa mtoto maisha yake yote.

Basi nunua chumvi yenye madini joto. Ile pakiti iliyoachwa wazi dirishani, jua likiipiga, hupoteza madini yake. Ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, uitie mboga ikikaribia kuiva.

Kama una rovu, au unatumia dawa za thairoidi, mwambie muuguzi siku ya kwanza ya kliniki. Tafadhali mama, usiziache dawa hizo kwa sababu ya mimba.