Guinea: Utajiri wa Ardhi na Daftari la Mwenye Mali



Katika ramani ya Afrika Magharibi nchi ya Guinea si kubwa. Eneo lake ni kilomita za mraba 245,857. Hata hivyo, ni nchi chache zilizojaliwa kama hiyo. Katika nyanda za juu za Fouta Djallon ndiko yanakoanzia maji ya mto Gambia na ya Bafing, mkono mkubwa wa mto Senegal. Kusini zaidi, karibu na mpaka wa Sierra Leone, huanzia mto Niger, usafirio kilomita zipatazo 4,180 hadi baharini, huko Nigeria.

Chini ya ardhi mna dhahabu, almasi, madini bora ya chuma katika milima ya Simandou, na boksiti, madini yatoayo alumini, ambayo akiba yake ni kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote duniani.

Basi, kwa nini wananchi wengi wa Guinea wangali maskini?

Jibu la kwanza limo katika hesabu. Tani moja ya alumini huhitaji tani nne hivi za boksiti, pamoja na umeme mwingi. Auzaye boksiti ghafi huuza udongo. Faida kubwa humwendea mwenye kiwanda. Guinea ilipata kiwanda cha alumina pale Fria mwaka 1960, cha kwanza barani Afrika. Kiwanda hicho kilisimama mwaka 2012, kikafufuliwa mwaka 2018. Lakini tangu mwaka 1973 meli zimekuwa zikipakia boksiti ghafi katika bandari ya Kamsar na kuipeleka ng'ambo.

Jibu la pili linatuhusu sisi. Tarehe 28 Septemba 1958 wananchi wa Guinea walipiga kura ya kuikataa Jumuiya ya Ufaransa, na tarehe 2 Oktoba wakawa huru. Ufaransa ikawaondoa maofisa, walimu na mafundi wake. Baadaye, katika utawala wa Sékou Touré, wasomi wengi wazalendo walifungwa au wakakimbilia nje. Milima ikabaki na madini yake. Wenye ujuzi wa kuyapima na kuisoma mikataba wakawa haba.

Leo fursa imerudi. Mabwawa ya Kaleta na Souapiti katika mto Konkouré yanatoa umeme. Mwaka 2025 madini ya chuma ya Simandou yalianza kusafirishwa kwa reli mpya ipitayo kilomita 600 kwa urefu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la taifa huandikwa na mtumishi wa umma, naye hufundishwa kuandika na mwalimu.

Kwa hiyo, Ndugu Walimu, somo la jiografia lisiishie katika kukariri majina ya mito na madini. Mtoto na ajue pia tani moja huuzwa kwa bei gani, nani ainunuaye, na nini kinachobaki nyumbani.