Pima Flaiwili Kabla ya Kuunga Trekta

Leo sitazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Nitazungumza juu ya trekta, na hasa juu ya kipimo kimoja ambacho hakichukui hata saa moja, lakini kikirukwa chaweza kukupotezea msimu mzima.

Kila mmoja wetu amewahi kukagua gurudumu la baiskeli. Unaigeuza baiskeli kichwa chini, unashika kijiti karibu na rimu, halafu unazungusha gurudumu polepole. Rimu ikiwa imenyooka, nafasi kati yake na kijiti haibadiliki. Ikiwa imepinda, mahali pengine itagusa kijiti na mahali pengine itakiacha mbali. Hakuna fundi wa baiskeli atakayefunga tairi kabla ya kutazama jambo hilo. Basi trekta nalo lina gurudumu linalotaka kukaguliwa namna hiyo hiyo, ila limefichwa ndani. Hilo ni flaiwili.

Flaiwili ni gurudumu zito la chuma lililofungwa kwa bolti nyuma ya krenkshafti ya injini. Pembeni lina ringi ya meno ambayo stata huishika wakati wa kuwasha. Uso wake wa nyuma ndio unaokutana na sahani ya klachi. Uso huo ukiyumba, klachi haishiki sawasawa. Trekta litatetemeka na kuruka linapoondoka, gia zitaingia kwa kulia, na sahani ya klachi pamoja na beringi zake zitakwisha kabla ya wakati.

Sasa sikilizeni yaliyotupata. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikihudumia kikundi cha wakulima katika Nyanda za Juu Kusini. Kikundi kilikuwa na Massey Ferguson moja kuukuu yenye injini ya Perkins. Mwishoni mwa Novemba meno ya flaiwili yalikuwa yamelika kabisa, stata ikawa inazunguka bure. Wakachanga fedha, wakanunua flaiwili nyingine. Fundi akaligawa trekta, akaifunga flaiwili mpya, akanigeukia akasema, "Bwana Shamba, ningepata saa ya kupimia ningeikagua hii kabla sijafunga klachi. Nipe siku moja niende mjini nikaazime."

Nikatazama mawingu. Nikamjibu, "Fundi, hii ni mpya. Mvua ndiyo hiyo inakuja. Funga tu."

Ndugu zangu, maneno hayo niliyasema mimi, wala si fundi. Trekta likaungwa, likaenda shamba. Siku ya pili likaanza kuruka kila dereva alipoachia klachi. Siku ya nne halikuweza kuvuta jembe. Ikabidi tuligawe upya, na kazi ya kuligawa, kupima, kusafisha na kuliunga ikala siku nne nyingine. Mvua ikawa imekwisha anza. Mama mmoja aliyekuwa amelipia ekari mbili tangu Oktoba hakusubiri tena. Alichukua jembe la mkono na wanawe, akalima ekari moja tu, na mahindi yake yakaota wakati ya jirani zake yamefika magotini. Wakati wa mavuno nilipita kwake. Hakunilaumu, lakini ghala lake niliiona.

Tulipoifungua flaiwili tulikuta nini? Tulikuta kijinundu cha chuma kwenye mdomo wa tundu moja la bolti, kidogo kuliko chembe ya ulezi, na rangi ya kuzuia kutu ambayo haikufutwa. Basi.

Pengine utauliza, kijinundu kidogo hivyo kinawezaje kulisumbua trekta zima? Hesabu yake ni nyepesi. Uso wa krenkshafti unaokutana na flaiwili ni mdogo, lakini flaiwili yenyewe ni pana. Tuseme uso ule una upana wa milimita 100, na upande mmoja umeinuliwa kwa milimita 0.1. Ukienda nje hadi kwenye duara lenye upana wa milimita 300, kosa hilo huwa milimita 0.3. Limekuzwa mara tatu. Ni kama mlango: ukisogea kidogo bawabani, husogea sana upande wa kitasa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza ni usalama. Katika matrekta mengi ya namna hii injini na giaboksi ndio uti wa mgongo wa trekta, hakuna fremu nyingine ya kulishikilia. Ukiligawa, linakuwa vipande viwili. Lifanyie kazi mahali pagumu na tambarare. Ondoa waya wa betri. Piga kabari za mbao ngumu pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na kishikio chake ili injini isilale upande. Weka viegemeo imara chini ya kila kipande, jeki peke yake haitoshi. Na mtu asitie kidole kwenye tundu la bolti kutazama kama yamelingana.

Pili ni usafi. Sugua uso wa krenkshafti na uso wa flaiwili mpaka chuma king'ae. Futa rangi, kutu na mafuta. Pitisha kidole kwenye midomo ya matundu. Ukihisi kijinundu, kiondoe kwa tupa laini, bila kuula uso wenyewe. Kisha funga bolti kwa kupishana, hii na ya upande wa pili yake, kwa hatua mbili au tatu, mpaka nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha injini. Usipime flaiwili ambayo bolti zake zimekazwa nusu.

Tatu ni kupima. Aliye na saa ya kupimia aifunge kwenye kava la nyuma ya injini, ncha yake iguse uso wa flaiwili karibu na ukingo, mahali ambapo haitapita juu ya tundu. Asiye nayo asikate tamaa. Chukua kipande cha chuma kigumu, kifunge imara kwa bolti kwenye ukingo wa kava hilo, ncha yake ikaribie uso wa flaiwili na kuacha nafasi ya kama nusu milimita. Kisha chukua fila, ile ile inayotumika kurekebisha tapeti. Tia alama nane za chaki kuizunguka flaiwili, kwa umbali sawa. Zungusha injini polepole kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele. Nozeli zikitolewa injini huwa nyepesi kuzunguka. Kila alama ikifika kwenye ncha, pima nafasi na uandike.

Hapa pana mtego mmoja. Krenkshafti huwa na mchezo mdogo wa kwenda mbele na nyuma. Kwa hiyo kabla ya kusoma kila kipimo, isukume flaiwili kuelekea upande wa rejeta. Usipofanya hivyo utakuwa unapima mchezo wa krenkshafti, wala si kuyumba kwa flaiwili. Ukimaliza mzunguko, rudia alama ya kwanza. Kipimo kikiwa tofauti na cha mwanzo, kifaa chako kimelegea. Anza upya.

Nne ni hesabu. Toa kipimo kidogo katika kipimo kikubwa. Kwa injini nyingi za Perkins za matrekta, uso wa flaiwili hauruhusiwi kuyumba zaidi ya milimita 0.025 kwa kila milimita 25 kutoka katikati ya krenkshafti hadi mahali unapopima. Ukipima umbali wa milimita 150 kutoka katikati, hizo ni 25 mara sita, basi mwisho wako ni milimita 0.15. Ikiwa nafasi ndogo ni 0.45 na kubwa ni 0.65, tofauti ni 0.20. Usiunge. Ya kwetu ilikuwa 0.40, baada ya kuondoa kile kijinundu na kusafisha, ikashuka hadi 0.10. Pima pia ule mzingo wa nje, ambao mwisho wake ni milimita 0.30. Kwa injini ya aina nyingine fuata kitabu chake.

Ikiwa umesafisha na bado inayumba, itoe flaiwili upime uso wa krenkshafti wenyewe kwa saa ya kupimia. Ukiwa umenyooka, kosa ni la flaiwili, irudishe ulikoinunua. Ukiwa umepinda, flaiwili mpya hata kumi hazitakusaidia. Hapo ni kazi ya karakana.

Na wale wenye pikapu za giaboksi ya otomatiki za kupelekea mazao sokoni, neno hili linawahusu pia. Humo badala ya flaiwili nzito mna bamba jembamba la chuma, ambalo hupinda hata kwa kuangushwa wakati wa kusafirishwa. Likibadilishwa, lipimwe namna hiyo hiyo kabla giaboksi haijapandishwa, na mwisho wake usomwe katika kitabu cha gari hilo.

Ndugu wakulima, sikusudii kuwafanya wote mafundi. Ninachotaka ni jambo moja. Siku trekta lenu litakapogawanywa, mwenyekiti au katibu wa kikundi awepo, na kabla halijaungwa amwulize fundi: "Umepima ngapi?" Jibu lisiwe "iko sawa" au "ni mpya." Jibu liwe namba, na namba hiyo iandikwe katika daftari la trekta pamoja na tarehe. Fundi mzuri hatakasirika. Yule wa kwetu aliomba siku moja tu ya kupima, nami nikamnyima. Nikatulipisha siku nne, na mama yule nikamlipisha ekari nzima.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nawatakieni maandalizi mema ya mashamba. Kwaherini.