Sufuria ya Maharagwe na Pilipili
(Maneno ya hotuba waliyoambiwa akina mama na akina baba wa kandokando ya ziwa, karibu na Kisumu)

Sikuja kuwafundisheni kupika, kwani hapana mama wa Nyanza asiyejua kupika. Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya sufuria moja tu, nayo iko motoni hapo nyuma yangu.

Sisi watu wa ziwani tumezoea kusema kwamba nyumba isiyo na samaki haina kitoweo. Zamani neno hilo halikuwa na taabu. Lakini sangara, ambaye huku twamwita mbuta, aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na tangu miaka ya 1980 viwanda vya minofu vimekuwa vikimnunua kwa bei ambayo mama wa kawaida hawezi kushindana nayo. Minofu ikaenda Ulaya, sisi tukabakiwa na mgongo wazi. Omena nao, sehemu yao kubwa husagwa kuwa chakula cha kuku, na kwa desturi uvuvi wao hufungwa kwa miezi kadhaa ili wapate kuzaana. Basi siku hizo mama apike nini? Wengi hujibu: ugali na sukuma wiki, leo, kesho na kesho kutwa. Sukuma wiki ni mboga njema, silitukani. Hata hivyo mtoto anayekua hawezi kujenga mwili wake kwa mboga moja tu.

Katika nchi ya Marekani, jimbo la Texas, kuna chakula kiitwacho chili. Ni nyama iliyopikwa na pilipili, na watu wengi hutia maharagwe na nyanya pia, ingawa baadhi ya watu wa Texas hukasirika sana wakiona maharagwe ndani yake. Mnamo mwaka 1977 baraza lao la sheria lilikitangaza kuwa chakula rasmi cha jimbo. Lakini waliokipa sifa hawakuwa wakubwa wa baraza. Walikuwa wanawake wa mji wa San Antonio, waliokaa jioni katika viwanja vya mji, tangu miaka ya 1880, na masufuria yao na taa zao, wakiwauzia wapita njia. Mwishowe sheria za afya za mji ziliwaondoa uwanjani. Nadhani mama anayeuza chakula Kibuye anaijua habari hiyo bila kufika Marekani.

Tena mtashangaa mkisikia kwamba pilipili, maharagwe, nyanya na mahindi vyote asili yao ni bara la Amerika, navyo vilivuka bahari baada ya mwaka 1492. Kwa hiyo tukivipika pamoja hapa Kisumu hatuigi mtu. Tunavikutanisha ndugu waliopotezana. Hata nyoyo yetu ya mahindi na maharagwe ni ya ukoo huo huo. Kilicho chetu tangu kale ni kunde, mnavu, mgagani na mlenda, nami nitavifikia.

Sasa nianze na maharagwe, maana hapo ndipo penye hatari, na hatari hiyo niliijua kwa aibu yangu mwenyewe. Mwaka mmoja nilipata wageni wengi kwa ghafula. Nilikuwa na maharagwe mekundu, nikayaosha, nikayatia maji, nikayaacha juu ya makaa machache kwa muda wa saa moja na nusu. Yalikuwa bado magumu kidogo katikati, lakini wageni walikuwa na njaa, nami nikajiambia kwamba mchuzi wa nyanya utayaficha. Usiku ule watoto watatu walitapika hadi alfajiri. Watu walinong'ona juu ya maji ya kisima, na wengine walinong'ona juu ya jirani. Lakini kosa lilikuwa langu. Maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu yake ya asili, na sumu hiyo haiondoki ila kwa maji yanayotokota. Moto wa uvuguvugu hauiondoi, bali huweza hata kuizidisha.

Kwa sababu hiyo yapasa kuyaloweka maharagwe usiku kucha, au kwa uchache saa tano. Maji yale yamwagwe. Yatiwe maji mapya, yachemke kwa nguvu, yakiruka na kutoa povu, muda usiopungua dakika kumi, ndipo moto upunguzwe nayo yaendelee mpaka yalainike kabisa. Nawaonya hasa ninyi mnaotumia kile kikapu cha kupikia bila moto. Ni kifaa kizuri, chaokoa kuni na makaa, lakini joto lake ni chini ya kutokota. Chemsheni kwanza barabara, kisha mkitie sufuria ndani ya kikapu.

Jambo jingine: msitie nyanya wala ndimu kabla maharagwe hayajaiva. Ukali wake huyafanya yakatae kulainika, hata ukiyapikia mzigo mzima wa kuni. Wengine hutia magadi ili yaive upesi. Huiva kweli, lakini magadi huharibu sehemu ya vitamini B iliyomo. Kuyaloweka ni bora, wala hakugharimu senti.

Basi maharagwe yakiisha kuiva, chukua sufuria nyingine. Kwa maharagwe nusu kilo tia mafuta vijiko vitatu, na vitunguu vitatu vilivyokatwa vidogo, uvikaange polepole mpaka viwe na rangi ya dhahabu. Msiharakishe hapa, utamu wote wa chakula hiki hutoka katika kitunguu. Tia kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, kisha kijiko kimoja cha bizari nyembamba, ile ambayo wenye maduka ya Kihindi mjini wameiuza tangu siku za mwanzo za reli iliyofika hapa mwaka 1901. Ukiwa na nyama ya kusaga robo kilo, tia sasa. Ukikosa, tia konzi mbili za omena waliooshwa kwa maji ya moto na kukaangwa kando. Mimi nawapenda omena kuliko nyama katika sufuria hii, wala siwataki radhi wanaonicheka. Halafu nyanya sita zilizoiva, karoti mbili, na pilipili hoho moja. Nyanya zikivunjika na mafuta yakionekana juu, mimina maharagwe pamoja na maji yake kidogo, uache vichemke taratibu kwa nusu saa.

Na pilipili kali? Najua wazee wengi wa huku hawapendi chakula kinachochoma ulimi. Yafaa mjue kwamba moto wa pilipili haukai katika mbegu kama wengi wanavyodhani, bali katika ule utando mweupe unaoshika mbegu. Ukiukwangua, pilipili hubaki na harufu yake njema na ukali kidogo tu. Ulimi ukiungua, maji hayasaidii, kwa kuwa ukali ule hauyeyuki katika maji, kunywa maziwa. Ndege hawausikii kabisa ukali huo, ndiyo maana pilipili kichaa huota yenyewe chini ya miti na kando ya nyua, pale ndege walipotua. Pilipili mbili zatosha. Kwa watoto wadogo, pakua chao kwanza, ndipo utie.

Mboga za majani hutiwa mwisho, dakika tano kabla ya kuepua, ili zisipoteze nguvu zake. Majani ya kunde, yaani boo, yanafaa sana, na mchicha pia. Mnavu na mgagani, yaani osuga na dek, vina uchungu. Vipikeni mbali kwa maziwa kama mama zetu walivyofanya, mvile kando. Mlenda nao una mahali pake, lakini si humu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maseno, hapa jirani, kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, ametumia miaka mingi kuzichunguza mboga hizi za kienyeji ambazo watu walikuwa wakiziita magugu na chakula cha maskini. Zina madini ya chuma na vitamini kuliko kabichi tunayoinunua kwa fahari.

Ukiisha kuepua, kamulia ndimu. Hii si kwa ladha tu. Chuma kilicho katika maharagwe na majani huingia mwilini kwa shida, lakini ndimu na nyanya hukisaidia kuingia. Chai hukizuia. Mama mja mzito aliyepungukiwa na damu, akinywa chai ya rangi pamoja na chakula hiki, ajua kwamba anamwaga sehemu ya alichopika. Na asubiri saa moja, kisha anywe chai yake kwa raha.

Kinachobaki kisiachwe jikoni usiku kucha hivi hivi katika joto letu hili. Kama hamna barafu, pikeni cha kutosha siku moja.

Yaliyo motoni niliyaloweka jana jioni, nayo yametokota tangu mlipoanza kuingia. Bado yahitaji nusu saa. Mama aliyekaa karibu na mlango, naona umeinua mkono, uliza.