Mchunga kondoo aliyekuwa avoka: maneno ya kumkumbuka Mandela

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanamemba tarehe 18 Julai, kisha salongo ya shamba letu la pamoja.)

Jua limekuwa kali na majembe yamechosha mikono, basi sitawaweka muda mrefu.

Leo ni tarehe aliyozaliwa Nelson Mandela, mwaka 1918. Tangu 2009 Umoja wa Mataifa umeifanya kuwa siku yake. Redioni watasema juu ya raisi na juu ya mfungwa. Mimi naomba tumkumbuke avoka, tena avoka aliyependa udongo, vilima na hewa ya nje.

Alikulia Qunu, kijiji cha vilima na majani, kule Afrika ya Kusini. Mwenyewe anasimulia kwamba hata miaka mitano hajaipita, alikuwa tayari anachunga kondoo na ndama. Aliogelea mtoni, alirina asali, alicheza kwa fimbo na watoto wenzake. Anasimulia pia kwamba baba yake alikuwa shefu, lakini alipokataa mwito wa hakimu mzungu alinyang'anywa cheo, na sehemu kubwa ya mifugo na ya ardhi. Njo sababu mama alimpeleka mtoto Qunu, kwa ndugu zake. Munasikia, wandugu? Kabla ya kusoma sheria yoyote, yule mtoto alikwisha kujua maana ya kutolewa kwenye ardhi.

Mwaka 1952 alifungua biro yake ya avoka Johannesburg, na Oliver Tambo akaja kufanya naye kazi. Asubuhi walipofika walipita katikati ya watu waliojaa kwenye ngazi, kwenye koridoo, mpaka ndani. Wengine walikamatwa juu ya kukosa kitambulisho, wengine juu ya kupita mlango wa wazungu. Na kila juma walikuja wazee wa vijijini kueleza namna babu zao walivyolima kipande cha ardhi miaka na miaka, na sasa wanafukuzwa. Serikali ilitaka hata hiyo biro itoke katikati ya mji, wateja wasiifikie. Mandela na Tambo walikataa kuhama.

Mutaniuliza: hayo yanatuhusu nini sisi hapa? Nitawaambia yangu.

Nilipotoka kambi ya Lugufu na kuvuka ziwa kutoka Kigoma mpaka Baraka, nilikuta mutu mwingine analima shamba la marehemu baba. Hakuwa mwizi. Alilinunua kwa mutu mwingine, naye alikuwa na watoto wa kulisha. Nilienda kwenye biro moja, nikalipa. Nikarudi, nikalipa tena. Risiti sikupata hata moja. Dosie ililala. Vijana wangu walianza kunoa panga, na nawaambia ukweli mbele yenu wote, mimi mwenyewe sikuwakataza haraka.

Kisha ushirika ulinitafutia avoka. Siku ya kwanza hakuniuliza karatasi. Aliuliza, "Mzee, tunafika kule kwa miguu saa ngapi?" Akavua viatu vya mji, tukapanda pamoja. Aliuliza mwembe ni wa nani, makaburi yako wapi, maji ya mvua yanashukia wapi. Alimwita bibi jirani, akakaa naye chini akamsikiliza. Alimuuliza pia yule ndugu aliyenunua, kwa heshima. Jua likizama tulikuwa tumekubaliana: kijito ndiyo mpaka. Yeye abaki upande wa chini, mimi upande wa makaburi. Tuliandika, mashahidi wakatia saini, kila mutu akashika kopi yake. Panga zilirudi kwenye migomba.

Toka ile siku najua kwamba avoka wa watu wadogo lazima ajue kutembea shambani. Mandela alijua. Hata gerezani, Robben Island, aliomba wakubwa wa gereza wamuache alime bustani, na alihuzunika siku mche mmoja wa nyanya ulipokufa juu ya kosa lake. Alipohamishiwa gereza la Pollsmoor, kwenye saruji tupu, aliomba mapipa ya mafuta yakatwe nusu nusu, akayajaza udongo, akaotesha vitunguu, nyanya na kabichi. Mboga alizigawa jikoni kwa wafungwa, na askari pia walipata. Mutu asiye na hata hatua moja ya ardhi alilima ndani ya mapipa!

Na alipotoka mwaka 1990, alijenga nyumba Qunu. Pale alipenda kutembea asubuhi kwenye vilima vya utoto wake, na pale alizikwa Desemba 2013. Naye alikuwa mrudi, kama sisi.

Sasa neno la mwisho. Kwenye mkutano uliopita wengine mulisema tufunge sanduku la makaratasi, pesa yote iende kwa mbegu. Naelewa, njaa haingoji tribunali. Lakini sheria yetu ya 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, na haki ya mutu inaonekana kwa certificat d'enregistrement. Wengi wetu hatuna. Basi mbegu ukipanda kwenye shamba lisilo na maandiko yoyote, pengine unampandia atakayekufukuza.

Naomba sanduku lisifungwe. Naomba kila mapatano yaandikwe na kushuhudiwa, na yeyote anayelipa biro adai risiti. Wafadhili wetu, mukitupatia jembe, mutusaidie na mwendo wa avoka mpaka shambani: nauli yake, chakula chake, karatasi zake. Ni pesa ndogo kuliko hospitali ya vijana waliokatana.

Na ninyi vijana mulio shuleni: mukisoma sheria, musisahau njia ya mlimani.

Turudi kumaliza mistari ile miwili ya mihogo kabla ya mvua.