Biashara ya Baba Isife Pamoja na Baba
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Chama chetu huzika na kufariji. Lakini yafaa pia tutazame yanayowapata waliobaki, matanga yakiisha na mlango wa duka la marehemu ungali umefungwa.

Wazee wetu wa Meru na Embu walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya walioruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Fedha ya kahawa ilisomesha watoto, ikajenga na maduka. Mzee alipofariki, wanawe waligawana shamba. Kipande cha shamba, hata kiwe kidogo, bado ni shamba. Duka halina tabia hiyo. Mmoja akichukua mizani, wa pili rafu, wa tatu daftari la madeni, hakuna aliyerithi duka. Kwa hiyo neno langu ni moja: tugawane faida ya biashara, si mwili wake, na matayarisho yafanywe mwenyewe angali hai.

Kwanza, mfuko wa duka na mfuko wa nyumba isichanganywe. Mwenye duka ajilipe mshahara, na mke na watoto wafanyao kazi walipwe vile vile, yote yaandikwe daftarini.

Pili, wosia. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, yakubali wosia ulioandikwa na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili. Afadhali shahidi asiwe mrithi. Wosia wa mdomo pia wakubaliwa mbele ya mashahidi wawili, lakini kwa kawaida hupoteza nguvu msemaji akiishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuutamka. Asiyeacha wosia huwaachia jamaa safari za mahakamani. Hapana budi waombe hati ya usimamizi, kisha kwa kawaida wangoje miezi sita ndipo mali igawanywe. Wakati huo mikate huota ukungu, na wateja huhamia duka la jirani.

Tatu, kampuni. Kampuni iliyoandikishwa haifi na mwenyewe: hisa hugawanywa, duka likabaki zima. Kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015, hata mtu mmoja aweza kuiandikisha. Walakini hisa peke yake hazileti amani. Maduka ya Tuskys, yaliyoanzishwa na familia moja ya Rongai, Nakuru, yalikuwa kampuni kubwa. Ndugu walishtakiana, madeni yakazidi, na kufikia mwaka 2021 karibu matawi yote yalikuwa yamefungwa. Basi si kila mrithi awe msimamizi. Achaguliwe mwenye kuiweza kazi, mwana au binti, kwani sheria haibagui. Naye atajwe mapema mbele ya jamaa wote.

Ndugu zetu wa Igembe na Tigania wanao mfano mwema. Mti mkongwe wa miraa huchumwa kizazi hata kizazi, kwa sababu hakuna mrithi aukataye apate fungu lake la kuni.

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu uazimie kwamba kila mwanachama mwenye biashara awe ameandika wosia kabla hatujakutana tena mwakani.