Kiwanja Chetu cha Mpira na Hati Yake

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimeombwa niwaeleze habari za klabu yetu ya mpira na kiwanja chake. Klabu yetu ni ndogo, wala haikupata kucheza katika ligi kubwa. Hata hivyo, vijana wengi wa kijiji hiki wamelelewa nayo. Siku ya mechi wavuvi walikuja kutoka ufukweni wakiisha kuuza samaki, na michango ya matanga na ya karo ilikusanywa kando ya mstari. Chama hiki chenyewe kilianza kukutania chini ya mti ulio nyuma ya goli.

Kiwanja tulikipata kwa neno la mdomo. Mzee mmoja, mwenye malisho yale, aliwaambia vijana, "Chezeni, watoto wangu." Wakang'oa visiki, wakafukia mashimo, wakasimamisha milingoti ya mkaratusi. Udongo wetu mweusi mnaujua: kiangazi hupasuka, na masika hushika miguu kama gundi. Hakuna aliyeuliza karatasi, maana neno la mzee lilitosha.

Ndugu zangu, mpira wa ukanda huu wa ziwa umekua mikononi mwa vyama kama hiki. Luo Union kilikuwa chama cha kusaidiana, ambacho Jaramogi Oginga Odinga alikiongoza kwa cheo cha Ker katika miaka ya 1950. Timu yenye jina hilo ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1964. Mwaka 1968 ilizaliwa Gor Mahia, nayo ikashinda ligi mwaka huo huo. Luo Union iliinuka tena, ikachukua Kombe la Klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977. Kisha mwaka 1980, vyama vya kikabila vilipoamriwa kuvunjwa, timu hiyo ikalazimika kuitwa Re-Union. Nayo Gor Mahia ilidumu, na mwaka 1987 ikaleta Kenya Kombe la Washindi la Afrika, baada ya sare mbili na Espérance ya Tunisia, 2–2 kule Tunis na 1–1 Nairobi, kwa kuwa mabao ya ugenini yalihesabiwa zaidi.

Katika habari hiyo napata funzo moja. Klabu yaweza kubadilishwa jina, ikavunjwa, ikaungwa upya, na wachezaji wakaendelea kucheza. Lakini kiwanja kikiisha kulimwa na kujengwa nyumba, hakirudi. Hapo mpira hubaki kuwa hadithi za wazee.

Sasa niseme jambo lililonileta. Yule mzee ametutoka, na wajukuu wake wanagawana urithi. Wamo humu mkutanini, nami nawasalimu kwa heshima. Hawana kosa lolote. Sheria ya ardhi ya mwaka 1963 iliweka nguvu katika jina lililoandikwa kwenye daftari la serikali, na sheria ya mwaka 2012 iliyoirithi haikuacha msingi huo. Jina lililoandikwa ni la babu yao, wala si la klabu. Sisi ndio tuliolala, tukacheza miaka mingi bila kuuliza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tunachohitaji si kikubwa. Kanuni za mpira zinaruhusu kiwanja cha urefu wa mita 90 na upana wa mita 45, yaani kama ekari moja tu. Kwa hiyo naomba mkutano ukubali mambo matatu. Kwanza, wazee watano waende kwa familia ile, wasikilize bei au masharti yao, na mzee yule akumbukwe kwa kuandikwa jina lake langoni. Pili, fungu la akiba yetu litengwe kwa malipo ya ardhi na ya mpima, na ombi lipelekwe mbele ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ili hati itoke kwa jina la wadhamini wa chama. Tatu, klabu iandikishwe kwa Msajili wa Michezo kama Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inavyotaka, na kitabu cha mechi na fedha zake kiwekwe.

Najua wako watakaosema kwamba karo na matibabu vyatangulia mpira. Ni kweli, nami sibishi. Lakini kumbukeni ni wapi michango hiyo ilikokusanywa. Tukipoteza kiwanja, tumepoteza na baraza letu.

Mzee yule alitupa neno lake, na neno hilo limetutosha mpaka leo. Inafaa sasa sisi tuwaachie watoto wetu neno lililoandikwa.