Mchango wa Siku Moja, Tiba ya Miezi Sita

Hotuba hii ilitolewa na afisa wa uhamasishaji wa afya kwa viongozi wa vikundi vya akina mama, vijana na wazee wa vijiji, mjini Machakos. Tunaichapisha kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.

Najua wengine mmetoka mbali, Masinga, Ekalakala, Wamunyu, na leo ni siku ya soko. Sitawachelewesha.

Nimekuja kuzungumza juu ya saratani na pesa. Nitaanza na mama yangu mdogo.

Alipatikana na saratani ya matiti miaka kadhaa iliyopita, kabla ya SHA kuja. Familia ilifanya harambee kubwa. Hema lilipigwa, ng'ombe wawili wakauzwa, kanisa likaja, na jioni hiyo tukahesabu Sh180,000. Tulipiga makofi, tukaomba, tukaenda nyumbani tukijua kazi imekwisha. Daktari alikuwa amesema atahitaji mizunguko sita ya tiba ya kemikali, ile tunayoiita kimo, mmoja kila baada ya wiki tatu. Pesa zililipa vipimo, zikalipa madeni tuliyokuwa nayo, zikalipa mizunguko mitatu. Wa nne hakwenda. Tulipomuuliza, alisema anajisikia afadhali. Ukweli tuliujua baadaye: hakuwa na nauli, na aliona haya kurudi kwa watu walewale waliomchangia juzi.

Hilo ndilo jambo langu la leo. Sisi watu wa Machakos hatuna uchoyo. Tatizo letu ni kwamba mchango wetu ni wa siku moja, na tiba ya saratani ni ya miezi, wakati mwingine miaka.

Kwa hivyo mtu akipatikana na saratani kijijini kwenu, nawaomba mfuate hatua hizi.

Ya kwanza, kabla ya kukodi hema, ulizeni kama familia hiyo imejisajili SHA na kama imelipa. Kujisajili ni kwa simu, *147#, au kwa msaada wa mhudumu wa afya wa kijiji. Kwa asiye na mshahara, kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima, yaani Sh3,600. Kuna familia ambayo haiwezi kuzipata Sh3,600 kwa mkupuo mmoja, lakini kikundi cha watu ishirini kinazipata mkutano mmoja. Huo ndio mchango wa kwanza na ndio unaozaa kuliko yote. SHA ilipoanza Oktoba 2024 ilitenga hadi Sh400,000 kwa mwaka kwa kila familia kwa matibabu ya saratani, na nyongeza ya Sh150,000 hizo zikiisha. Viwango hurekebishwa mara kwa mara, kwa hivyo ulizeni dawati la SHA hospitalini mjue cha leo. Msiuze shamba kabla ya kuuliza swali hilo.

Ya pili, ketini na mgonjwa na mtu wake wa karibu, muandike bajeti. Msiandike tu "gharama za hospitali". Andikeni kile ambacho bima hailipi. Nauli ya mgonjwa na ya anayemsindikiza. Chakula. Mahali pa kulala. Anayebaki na watoto. Kimo hutolewa hapa katika Hospitali ya Machakos Level 5, lakini anayehitaji tiba ya mionzi mara nyingi hutumwa Nairobi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mionzi hutolewa karibu kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa. Mtu wa Matuu hawezi kwenda na kurudi kila siku akiwa amechoka hivyo. Lazima alale huko, na hicho kitanda ni pesa.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, pamoja na chakula, ni Sh2,000. Mizunguko sita ni Sh12,000. Watu ishirini wakitoa Sh100 kila mwezi kwa miezi sita, hizo Sh12,000 zimepatikana. Hakuna ng'ombe aliyeuzwa. Mama yangu mdogo alikwama kwa pesa kama hizo.

Ya tatu, pesa zikae mahali panapoonekana. Msitumie simu ya mtu mmoja. Chagueni watu watatu, mmoja awe wa familia, na mwekahazina asiwe ndiye anayetoa pesa peke yake. Tumieni akaunti ya kikundi, au nambari ya paybill, au jukwaa kama M-Changa ambapo kila mtu anaona kilichoingia. Kila mwezi someni hesabu kikundini: kimeingia hiki, kimetoka hiki, risiti ni hizi. Watu hawachoki kutoa. Huchoka kutojua zilikokwenda.

Mwaka wa 2015 Wakenya walituonyesha jambo hili. Kijana Emmanuel Otieno, tuliyemjua kwa jina la Jadudi, alikuwa na uvimbe kwenye ubongo na alihitaji upasuaji nchini India. Ziliombwa shilingi milioni moja, kupitia shirika la Africa Cancer Foundation. Kwa siku chache zikapatikana zaidi ya milioni tano, kutoka kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kumwona. Kiasi kilijulikana, kazi ya pesa ilijulikana, na mpokeaji alijulikana. Jadudi alifariki Desemba mwaka huohuo, Mungu amlaze pema. Lakini hakufa akijiona ameachwa. Na tukumbuke kwamba si kila mgonjwa habari zake zitaenea nchi nzima. Wetu wengi watategemea kijiji.

Ya nne, heshima ya mgonjwa. Picha yake isiwekwe WhatsApp kabla hajakubali. Wengine wako tayari watu wajue wana saratani, wengine la. Na msisome majina ya waliotoa kidogo. Mama aliyeleta kilo mbili za ndengu amechanga.

Ya tano, jihadharini na matapeli. Ukiombwa mchango na usiyemjua, omba kuona barua ya hospitali, na uulize ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo kabla ya kutuma. Na ukitaka kuchangisha hadharani, sokoni au nyumba kwa nyumba, anzia kwa chifu uulize kuhusu kibali. Usisubiri mheshimiwa aje kuwa mgeni wa heshima: Julai 2024 Rais alipiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Mimi pia nimo. Naweza kuwashauri, lakini siwezi kuwachangishia. Kazi hii imerudi mikononi mwenu.

Na mikono hiyo inaijua kazi. Wazee wetu walichimba matuta ya milima hii kwa mwethya. Leo shamba lako, kesho langu, na hakuna aliyechimba nusu ya tuta akasema nimemaliza. Walirudi msimu hadi msimu, mpaka udongo ukaacha kwenda na mvua. Mgonjwa wa saratani anahitaji mwethya wa namna hiyo. Mtu wa kumpigia simu siku moja kabla ya kliniki: nauli unayo? Nani anakwenda nawe? Watoto watakula wapi?

Mama yangu mdogo hayuko nasi tena. Sijui kama ule mzunguko wa nne ungemwokoa, na hakuna daktari atakayeniambia. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyempigia simu hiyo, na mimi ni mmoja wao.

Nawaomba mkirudi nyumbani mfanye jambo moja. Kila kikundi kiandike kwenye daftari lake jina la anayetibiwa saratani kijijini, kama amekubali, na tarehe yake ya kliniki inayofuata. Halafu mchague nani atapiga simu.